Kunyoosha Nyayo za Watoto

Watu wakiniona nikipanda mlima na mfuko begani huniita daktari, nami si daktari. Mimi ni msaidizi wa tiba ya viungo katika hospitali ndogo ya milima ya Usambara. Kazi yetu ni kutumia mikono na mazoezi, ili kiungo kilichokaza kilegee, na kilicholegea kipate nguvu. Huwaendea wazee waliopooza upande mmoja, na watu waliovunjika mifupa. Lakini leo nataka kunena habari za watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda, kwa kuwa hao ndio walionifundisha kazi, na mmoja wao nalimkosea.

Katika watoto 1,000, yapata mmoja huzaliwa hivyo: wayo umegeukia ndani na kisigino kimeinuka, hata akianza kusimama hukanyaga kwa ubavu wa mguu. Watoto wa kiume hupatwa mara mbili kuliko wa kike, na karibu nusu yao wamepinda miguu yote miwili. Sababu zake zote hazijatambulikana hata leo, walakini neno moja ni hakika: si kosa la mama. Wala chakula alichokula, wala kilema aliyemcheka, havikupinda mguu wa mtoto. Nimewaona wanawake waliorudishwa kwao kwa ajili ya neno hilo, nami naona haya kulisimulia.

Zamani madaktari wengi walizipasua nyayo hizo kwa kisu. Zilinyooka, lakini mtoto akiisha kuwa mtu mzima, mara nyingi wayo ulikaza na kumwuma. Aliyeliangalia sana jambo hilo ni daktari Ignacio Ponseti, aliyezaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, nchi ya Hispania, mwana wa fundi wa saa. Aliwatibu majeruhi wa vita vya Hispania, kisha akakimbia nchi yake, akafika Iowa huko Marekani. Huko alianza kunyoosha nyayo polepole kwa vidole vyake na bandeji ya plasta, ile ambayo wengi wetu huiita hogo. Aliandika habari zake mwaka 1963, na kwa miaka mingi wenzake wachache tu walimsikiliza. Hata alipokufa mwaka 2009, njia yake ilikuwa imeenea pote duniani. Nchi za Uganda na Malawi zilikuwa miongoni mwa zile zilizoonyesha kwamba si lazima mikono iwe ya daktari mpasuaji. Mhudumu aliyefundishwa vema aweza kuifanya kazi hiyo.

Nayo hufanyika hivi. Fundi wangu hushika wayo, akausukuma kidogo kuelekea nje, kidole gumba chake kikitegemea mfupa ulio juu ya kisigino. Kisigino chenyewe hakishikwi. Mimi huzungusha bandeji toka vidoleni hata juu ya paja, goti likiwa limekunjwa. Baada ya juma moja twaiondoa, twasukuma tena kidogo, twafunga nyingine. Mafungo matano au sita hutosha kwa wengi. Kisha daktari hukata mshipa wa kisigino kwa tundu dogo, na mtoto hufungwa majuma matatu ya mwisho. Mama huambiwa atazame vidole: vikigeuka rangi au kuvimba, asingoje siku ya kurudi.

Ndipo huja sehemu iliyo ngumu kuliko zote, nayo haifanyiki hospitalini. Mtoto huvikwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kila siku kwa miezi mitatu, kisha kila usiku hata afike miaka minne au mitano. Nyayo zimekwisha nyooka, zapendeza, na hapo ndipo watu huona kuwa viatu havina kazi tena.

Mtoto yule alikuwa wa kiume, na miguu yote miwili ilipinda. Aliletwa akiwa na majuma matatu, akafungwa mara sita, akavikwa viatu. Naliandika siku ya kurudi katika kadi yake. Siku hiyo hawakuja. Masika ilikuwa imeharibu njia, nami nalijiambia, “Huyu amepona,” nisiende kwao. Baada ya mwaka na zaidi nalimwona sokoni mgongoni mwa mama yake, na wayo wa kushoto ulikuwa umeanza kurudi ndani.

Kesho yake nalikwenda. Viatu vilining’inia kwenye msumari nyuma ya mlango, vimeshikwa na utando wa buibui. Mama aliinama asiseme neno. Aliyenijibu ni mkwe wake: “Mwanangu, mimi ndimi niliyevivua. Mtoto alilia usiku kucha. Tumezaa mtu, hatukuzaa mbuzi wa kufungwa kamba.”

Nalikuja nimejiandaa kukemea. Lakini ni nani aliyemweleza bibi yule jambo lolote? Hospitalini nalizungumza na mama peke yake, na katika nyumba ile mama hana neno juu ya mkwe wake. Nikashika mguu wa mtoto, nikaona alama ya kidonda cha zamani kisiginoni. Viatu vilikuwa vimembana! Nyayo za mtoto hukua upesi, nami nisingekaa kitako ningeliviona mapema, nikampa vikubwa. Alilia kwa haki.

Nalimwomba bibi msamaha, nikamwonyesha mguu ule kwa kidole, jinsi ulivyokuwa na jinsi utakavyokuwa ukiachwa. Alinyamaza sana. Kisha akauliza, “Hospitali hufunguliwa saa ngapi?”

Mtoto alifungwa tena mara tatu, na mara zote tatu bibi ndiye aliyemteremsha mlima mgongoni. Tangu hapo, kabla sijamvika mtoto yeyote viatu, huuliza kwanza nani hulala naye, naye huyo nataka aje.

Sasa mtoto ana miaka minne, na kila jioni bibi hufunga kanda za viatu kwa mkono wake. Juma lililopita alituma salamu kwa mwalimu wa shule: vidole vimeanza kugusa mbele, nilete namba nyingine kabla mvua hazijaanza.