Kwa Nini Ng'ombe Huanguka Baada ya Kuzaa

Mkulima ye yote wa Mtwapa, Tezo, Roka au Ngerenya mwenye ng'ombe wa maziwa, hasa wa damu ya Jersey, yampasa kuujua ugonjwa huu. Ng'ombe wa uzao wa tatu au wa nne amezaa salama jioni. Kunapokucha yu chini, shingo ameigeuzia ubavuni, masikio ni baridi, kusimama hawezi. Asipotibiwa, aweza kufa siku ile ile. Wako wasemao amerogwa. La, hakurogwa. Ana homa ya maziwa, ingawa mwili wake hauna joto la homa.

Chanzo ni upungufu wa kalsiamu, madini yaliyomo katika chokaa na mifupa. Damu yote ya ng'ombe ina gramu 3 tu hivi, lakini lita 10 za dang'a huchukua zaidi ya gramu 20. Nayo kalsiamu ndiyo iipayo misuli ishara ya kukaza. Ishara ikikosekana, miguu hulegea.

Mwili una njia ya kujiokoa. Kalsiamu ikipungua, vijitezi vya shingoni hutambua mara moja, navyo hutia homoni katika damu. Homoni ni kama tarishi. Tarishi huyu huiagiza figo igeuze vitamini D iwe homoni ya pili. Hiyo huingia ndani ya seli za utumbo na kushikana na kipokeo chake, mfano wa ufunguo na kufuli. Hapo huamsha jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyo katika kiini cha seli, na seli huanza kutengeneza protini za kuchukua kalsiamu kutoka katika chakula. Lakini kazi hiyo yataka siku nzima au zaidi, na maziwa hayangoji. Tena ng'ombe mzee ana vipokeo vichache kuliko mtamba.

Basi, ndugu mkulima, yafaa kuuamsha mwili mapema:

1. Majuma matatu kabla ya kuzaa, punguza majani ya lusina na ya jamii ya kunde, wala usimpe chokaa. Akipata kalsiamu tele, tarishi hatumwi, na jeni hulala.

2. Wakati huo usimlishe majani ya napia yaliyotiwa samadi nyingi. Yana potasiamu nyingi, nayo hufanya vipokeo vya homoni ya kwanza visisikie.

3. Akisha kuzaa, mpe madini yenye kalsiamu.

4. Akianguka, mwite daktari wa mifugo upesi. Dawa ya mshipani hutiwa polepole, kwani ikienda mbio husimamisha moyo. Usimnyweshe kitu, kitaingia mapafuni.

Andika katika daftari siku aliyopandwa. Ng'ombe huzaa baada ya siku 280 hivi. Ukifika siku ya 260, anza matayarisho.