Waya wa Kioo: Picha Inakwenda, Amri Inarudi



Katika mikutano ya matawi yetu ya wilaya ya Palma, kuanzia hapa Nhica do Rovuma hadi kwenye kambi za makandarasi pwani, swali moja limekuwa likirudi: hizi kamera za ulinzi zilizofungwa juu ya milingoti zinapelekaje picha mbali hivyo, na ni nani anayezigeuza shingo? Wenzetu wengine wanadhani kila picha inakwenda hewani kama redio. Zipo zinazofanya hivyo. Lakini mahali penye eneo kubwa na kamera nyingi, mara nyingi kuna waya, na siku hizi waya wenyewe si wa shaba bali wa kioo. Tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu, kwa sababu mfanyakazi asiyejua waya unafanyaje kazi atalipishwa waya huo ukiharibika.

Kwanza tuseme wazi kwamba hatuna ugomvi na ulinzi. Mji wa Palma ulishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu wakauawa, maelfu wakakimbia kupitia misitu hii hii yetu. Mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ya Ufaransa ilitangaza kusimamisha mradi wa gesi wa Afungi, na ajira zikasimama nao kwa miaka. Hakuna mtu wa huku anayehitaji kuhubiriwa faida ya kumwona adui kabla hajafika. Shauri letu ni jingine: kamera iliyowekwa kutazama ua wa nje ikigeuzwa kumtazama mfanyakazi, tujue imegeuzwaje, na tujue pa kwenda kuuliza.

Kamera za zamani zilitumia waya wa shaba wa mviringo, unaofanana na waya wa antena ya televisheni. Picha ilikwenda ndani yake kama umeme. Umeme ukisafiri hupungua nguvu, na baada ya mita 300 hivi picha inaanza kufifia na kuingia chenga. Waya wa shaba wa mitandao ya kompyuta mpaka wake ni mita 100. Waya wa amri, ule wa kuiambia kamera igeuke, unafika kama mita 1,200. Kwa hiyo mtazamaji hakuwa na budi kukaa karibu, katika kibanda cha lango au chumba cha nyuma ya ofisi. Mlimjua kwa sura. Wazee wetu waliovuka Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika walisimamiwa na nyapara, na nyapara alikuwa mkali, lakini alikuwa na jina, na mtu akidhulumiwa hesabu ya mizigo yake alijua pa kumkuta.

Waya wa kioo umeondoa mpaka huo. Uzi mmoja una unene wa mikromita 125, karibu sawa na unywele. Katikati ya uzi kuna kiini, na katika nyuzi za masafa marefu kiini hicho kina mikromita 9 tu. Mwanga unaingia upande huu na kutoka upande ule. Mtu atauliza, kwa nini usipotelee ubavuni? Waliozoea kupiga mbizi wanajua jibu bila ya kusoma. Ukiwa chini ya maji ukatazama juu moja kwa moja unaona mbingu, lakini ukitazama kwa upande sana, uso wa maji unageuka kuwa kama kioo cha kujitazamia. Mwanga uliokwenda kwa upande unarudishwa chini, hautoki. Ndani ya uzi ni vivyo hivyo. Kiini na ganda lake ni kioo cha namna mbili, na mwanga ukigusa mpaka wao kwa upande unarudishwa ndani, mbele kwa mbele, hata uzi ukipinda kidogo. Ukipindwa kupita kiasi mwanga unavuja. Jambo hili mlishike, tutalirudia.

Aliyeonyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba habari mbali ni Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, mwaka 1966. Mwaka 1970 mafundi wa Corning huko Marekani wakatengeneza uzi wa kwanza uliofaa. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, miaka 43 baadaye. Kioo cha leo ni safi kiasi kwamba mwanga ukisafiri kilomita 15 bado nusu yake ipo. Ndiyo maana kamera inaweza kuwa huku na mtazamaji akawa makumi ya kilomita, bila mtambo wowote wa kuongeza nguvu katikati.

Sasa tufike kwenye shingo ya kamera. Chini ya kila kamera ya aina hii kuna kijisanduku. Ndani yake picha inageuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu zinageuzwa kuwa mwanga wa leza unaowaka na kuzimika mamilioni ya mara kwa sekunde. Hiyo ndiyo picha inayokwenda. Kutoka upande wa pili inarudi amri: geuka kushoto, inamisha kichwa, vuta karibu. Pengine amri ina uzi wake. Pengine vyote viwili vinapita katika uzi mmoja, picha kwa mwanga wa nanomita 1310 na amri kwa mwanga wa nanomita 1550, na havigongani, kama vile sikio linavyotenganisha sauti ya kike na ya kiume katika wimbo mmoja. Mianga yote hiyo miwili haionekani kwa macho.

Katika mitambo ya mtindo wa zamani amri moja inasikiwa na kamera zote zilizo kwenye njia ile, lakini inatangulizwa na namba. Ni kama orodha ya asubuhi kazini: wote wanasikia, anayeitwa ndiye anayeitika. Fundi akikosea akazipa kamera mbili namba moja, zote mbili zitageuka pamoja. Katika mitambo ya siku hizi kila kamera ina anwani yake kama kompyuta, na picha na amri vinapita kwenye mtandao mmoja.

Kwa nini tunawachosha na haya? Kwa sababu kuna mlinzi mmoja wa usiku, mwenzetu, aliyekatwa mshahara na mkandarasi mmoja kwa madai kwamba aliharibu waya wa kamera ili alale. Picha ilikatika saa nane usiku, naye ndiye aliyekuwa zamu. Ushahidi mwingine haukuwapo. Tulipofika tuliomba kitu kimoja tu: kipimo. Mafundi wa nyuzi za kioo wana chombo kinachopiga mwanga mfupi ndani ya uzi na kusubiri sehemu yake irudi. Mwanga ndani ya kioo unakwenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya sehemu 10 za milioni moja ya sekunde, penye kasoro ni kilomita moja kutoka kwenye chombo. Kinatoa mchoro, na mchoro unasema mita ngapi. Basi kipimo kilipofanywa kikaonyesha kwamba uzi umebanwa katika mita 1,340, chini ya barabara ya malori, mahali ambapo mtaro ulichimbwa kwa haraka na kufukiwa na mawe. Lindo la mwenzetu lilikuwa mita 200 tu kutoka kwenye chumba. Alirudishiwa fedha zake, ingawa si siku ile.

Kwa hiyo tawi lolote likiletewa kesi ya kamera, lisikubali neno “imeharibiwa” peke yake. Liulize imeharibika vipi. Picha ikiwapo lakini kamera haigeuki, uzi haujakatwa kabisa. Tatizo ni njia ya amri, au namba, au mota ya shingo. Picha na amri vikifa pamoja, yaweza kuwa uzi, yaweza kuwa umeme. Kioo hakipitishi umeme, na hii ndiyo sifa yake kubwa nchi yenye radi kama yetu: radi ikipiga mlingoti haisafiri ndani ya kioo hadi chumbani. Lakini kamera yenyewe yahitaji umeme, na umeme huo unatoka kwenye waya wa shaba au betri ya jua palepale mlingotini. Kadhalika nyaya nyingine za kioo zimevikwa chuma dhidi ya panya na majembe, na chuma hicho kinaita radi kisipofungwa ardhini vizuri. Betri ikifa saa nane usiku si kosa la mlinzi.

Swali la pili ambalo kila tawi linapaswa kuuliza ni hili: uzi unaishia wapi? Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na mkongo wa nyuzi za kioo umepangwa kulazwa sambamba nalo ili vituo vyake viongozwe kutoka mbali. Chini ya bahari yetu nako kuna mikongo. Ule wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009 ukiunganisha Maputo, Dar es Salaam na Mombasa na nchi za nje. Mwezi Mei 2024 mkongo huo pamoja na ule wa EASSy ulikatika, na intaneti ikalegea Msumbiji, Tanzania na Kenya kwa siku kadhaa. Maana yake ni kwamba kamera iliyo juu ya meza ya kupimia korosho yaweza kutazamwa na mtu aliye mji mwingine au bara jingine, na mtu huyo huyo akaigeuza. Hatusemi kila mahali ni hivyo. Tunasema uzi unaruhusu, na mwajiri ndiye anayejua umefika wapi.

Sheria ya Kazi ya Msumbiji ya mwaka 2007, namba 23, katika kifungu cha 8, ilimkataza mwajiri kutumia vyombo vya kutazama kwa mbali kwa shabaha ya kupima utendaji wa mfanyakazi. Iliviruhusu kwa ulinzi wa watu na mali, au vinapokuwa sehemu ya uzalishaji, na hapo mwajiri alipaswa kuwaarifu wafanyakazi kwamba vipo na ni vya nini. Sheria hiyo imefuatwa na sheria mpya namba 13 ya 2023, na katibu wa tawi asiende mezani na nakala ya zamani. Ng'ambo ya Ruvuma ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya wana ya kwao ya 2019. Kamera isiyogeuka, inayotazama ukuta, haina mjadala mrefu. Yenye shingo ndiyo ya kuulizia: nani ana ruhusa ya kutuma amri, na je, mtambo unaandika jina na saa kila inapogeuzwa? Mitambo mingi ya kisasa inaweza kuandika, ikiwa imewashwa kufanya hivyo.

Neno kwa wanaochimba na kuunganisha. Usichungulie ncha ya uzi hata kama huoni mwanga. Leza isiyoonekana inaunguza jicho vilevile. Vipande vinavyokatwa ni sindano za kioo ambazo hazionekani sakafuni. Zikiingia kwenye ngozi ni kazi kuzitoa, na zikiingia kwenye chakula ni hatari zaidi, kwa hiyo usile mahali pa kuunganishia. Mkandarasi ndiye wa kutoa miwani na kopo lenye kifuniko la kuwekea vipande hivyo. Mtaro wa mchanga wenye kina cha kifua usiingiwe bila mbao za kuzuia kingo.

Matawi yenye kesi ya waya kukatika yalete ofisini barua ya mashtaka pamoja na mchoro wa kipimo. Kama mchoro haupo, yalete barua ya kuuomba, yenye tarehe na sahihi ya aliyeipokea.