Ukaguzi uliposema "ok" na mambo hayakuwa sawa

Ijumaa moja alasiri, katika chumba cha kompyuta pale Braamfontein, tulikaa watatu mbele ya skrini isiyosema kitu. Tulikuwa tumeandika amri moja fupi, PRAGMA integrity_check, ambayo huiuliza hifadhidata: u mzima? Siku nyingine jibu lilikuja kabla chai haijapoa. Siku hiyo dakika arobaini zilipita na hatukuona hata herufi moja. Mmoja wetu akasema tuikatize. Mwingine akasema tukiikatiza tutaiua. Hakuna aliyekuwa na uhakika.

Wengi wenu mnaijua hifadhidata yenyewe. Ni lile daftari la maneno la chama chetu. Kila mmoja wetu alikwenda kwa wazee wake, Yeoville, Mayfair, wengine kwa simu hadi Mombasa na Bukavu, akaandika neno, maana yake, nani alilisema na alilipata wapi, kisha akarekodi sauti. Humo ndimo tunamosoma kwamba mboga ambayo bibi wa Bukavu anaiita sombe, kwa watu wa Tanga ni kisamvu, na kwamba mchicha huko Kongo ni lengalenga. Bibi mmoja aliyetupa maneno mengi alifariki mwaka jana. Mjukuu wake ndiye aliyekaa katikati yetu siku ile, naye hakusema lolote.

Tunaandika hapa yale tuliyojifunza, ili atakayefuata asihangaike kama sisi.

Kwanza: kwa nini inakawia?

Daftari letu linatumia SQLite, programu ndogo iliyomo hata ndani ya simu zenu. Yenyewe huweka kila kitu katika faili moja, na faili hilo hugawanywa katika kurasa. Ukurasa wa kawaida una baiti 4,096. Ukaguzi hupitia kurasa zote, moja baada ya nyingine, kisha hulinganisha kila faharasa na jedwali lake: kila neno lililomo kwenye jedwali, je, limo pia kwenye faharasa?

Faili letu lilikuwa na GB 6 hivi, kwa sababu tuliingiza sauti zote ndani ya majedwali. Hizo ni kurasa kama milioni moja na nusu. Nalo faili lilikaa kwenye folda ya pamoja ya mtandao. Tupige hesabu: kila ukurasa ukichukua milisekunde 3 tu kusafiri, jumla ni sekunde 4,500, yaani saa moja na robo. Ukaguzi haukuwa umekwama. Ulikuwa unakwenda kwa miguu.

Ndipo tulipojua pia kwamba amri hii husoma tu, haiandiki. Kuikatiza hakuharibu kitu. Tukaikatiza, tukahakikisha hakuna mtu mwingine aliyelifungua daftari, tukanakili faili pamoja na wenzake wote hadi kwenye diski ya ndani ya laptopu, tukaanza upya. Dakika chache, jibu likaja.

Kama hata kwenye diski ya ndani kazi haiendi, jaribuni PRAGMA quick_check. Hii haipotezi muda kulinganisha faharasa na majedwali, kwa hiyo humaliza mapema. Wanaotumia SQL Server wana amri yao, DBCC CHECKDB, nayo ina njia ya mkato inayoitwa PHYSICAL_ONLY. Lakini kama hata kunakili faili la kawaida kunasuasua, tazameni diski yenyewe. Diski inayokaribia kufa hurudia kusoma sehemu ileile mara nyingi kabla ya kukata tamaa. Hapo ukaguzi si wa kwanza tena. Okoeni data kwanza.

Pili: makosa hayalingani

Jibu letu halikuwa "ok". Ulikuwa ni mstari juu ya mstari. Tulipotulia tukaona ni makosa ya aina mbili.

Aina ya kwanza ilisema safu fulani haimo kwenye faharasa. Hili ni jepesi. Faharasa hutengenezwa kutokana na jedwali, kama ile orodha ya maneno iliyo mwisho wa kitabu. Ikichanika, kitabu bado kipo. Amri ya REINDEX huijenga upya.

Aina ya pili ilitaja kurasa zenyewe kwamba hazisomeki. Hapa kitabu chenyewe kimeraruka, na REINDEX haisaidii. Kuna amri nyingine, .recover, inayookota kila safu inayoweza kusomeka na kuiandika katika faili jipya. Safu isizojua ni za jedwali gani huzitupia kwenye jedwali linaloitwa lost_and_found. Tulilifungua jedwali hilo kama mtu anayepekua mizigo iliyobaki kituo cha basi. Maneno mengi ya bibi yalikuwemo humo.

Onyo moja: msitengeneze chochote juu ya faili la asili. Fanyeni nakala, wekeni asili pembeni, cheni majaribio yote yawe kwenye nakala. Sisi tulijaribu mara tatu kabla ya kupata. Kama tungejaribu juu ya asili, jaribio la kwanza lingekuwa la mwisho.

Tatu: "ok" ilitudanganya

Tukakagua faili jipya. Likajibu "ok". Tukapiga makofi, mmoja akaenda kununua magwinya ya kusherehekea. Kisha mjukuu wa bibi akatafuta neno sombe. Neno lilikuwepo, maana ilikuwepo. Mahali pa jina la msemaji palikuwa patupu.

Ukaguzi huo hutazama kama kurasa na faharasa zimekaa vizuri. Hauulizi kama namba ya msemaji iliyoandikwa kwenye neno inamfikia mtu aliyepo. Kwa hilo kuna amri yake, PRAGMA foreign_key_check. Tulipoiendesha ikatuletea orodha ndefu ya maneno yatima: maneno ambayo wasemaji wao walikuwa kwenye kurasa zilizoharibika. Na SQLite, msipoiamuru, haizuii neno kuandikwa bila msemaji. Uzuiaji huo huja ukiwa umezimwa.

Kwetu hilo si dosari ndogo. Neno bila mahali na bila mtu ni neno tu, hata kamusi inalo. Tulichokuwa tunatunza ni kwamba huyu mama, wa mji huu, alilisema hivi.

Kosa lilikuwa letu

Tulitafuta wa kumlaumu, tukajikuta wenyewe. Mtu mmoja wetu aliwasha hali ya WAL ili daftari liwe jepesi. Katika hali hiyo maandishi mapya hukaa kwanza kwenye faili la pembeni lenye mwisho wa -wal, kisha baadaye huhamishiwa kwenye faili kuu. Hali hiyo haifai kwenye folda ya mtandao. Wote wanaolifungua faili wawe kwenye kompyuta moja. Sisi tulikuwa wawili tukiandika kutoka kompyuta mbili.

Tulikuwa na nakala ya akiba kwenye flashi, ndiyo. Tuliinakili daftari likiwa wazi, tena faili kuu peke yake, bila mwenzake wa -wal. Ilikaguliwa ikajibu "ok", lakini kazi yote ya juma la mwisho haikuwemo. Njia salama ni amri ya .backup au VACUUM INTO, ambazo hutoa nakala kamili hata daftari likiwa linatumika.

Kama mnaona haya ni mambo ya watu wa kompyuta tu, kumbukeni Julai 2019 hapa Johannesburg. Virusi vya kudai fidia viliingia City Power, vikafunga hifadhidata, programu na mtandao wao. Wakazi wakashindwa kununua umeme wa kulipia kabla, ule ambao Dar wanauita LUKU. Sababu ilikuwa tofauti na yetu, lakini fundisho ni lilelile: hifadhidata ikigoma, nyumba inakaa gizani.

Tulipofika

Yatima wengi wamerudishwa. Tulitumia ile nakala ya flashi pamoja na fomu za karatasi ambazo mwalimu wetu alitulazimisha tujaze, nasi tukamcheka. Sasa sauti zinakaa nje ya majedwali, faili ni dogo, na kila Ijumaa tunaendesha kaguzi mbili, ile ya kurasa na ile ya yatima. Mara moja kwa mwezi mtu anafungua nakala ya akiba na kutafuta humo maneno matano anayoyajua. Akiba haiozi, walisema wazee, ila ya kwetu ilikuwa imeoza bila sisi kujua, maana hatukuwahi kuifungua.

Yamebaki maneno manne ambayo hatujui nani alituambia. Sauti zake zipo. Mkutano ujao tutazipiga. Tafadhali njooni na wazazi, njooni na bibi na babu. Huenda mmoja wao akaitambua sauti.