Kidonge cha tezi ya shingo kinamsaidia nani?

Wengi wetu tukipewa rufaa ya kwenda Kigali tunalala kwa ndugu zetu Nyamirambo. Kule hata mwenye pikipiki anakuelewa ukimwambia njia kwa Kiswahili. Mama mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 61, alikwenda huko mwaka jana kupimwa macho. Kwa kuwa alikuwa analalamika uchovu, binti yake akampeleka kwenye kliniki moja ya kulipia. Akarudi kambini na karatasi iliyoandikwa TSH 6.9, na paketi ya vidonge vya levothairoksini. Aliambiwa atavimeza maisha yake yote. Pesa ya chakula ya mwezi ule iliishia kliniki, na vitenge viwili viliuzwa ili kununua paketi ya pili.

Aliniuliza, "Mwanangu, wewe ni mshauri wa afya. Nitapona lini?" Sikuwa na jibu. Nilimwendea muuguzi wa kituo chetu, naye akanieleza kwa subira.

Tezi hii iko mbele ya shingo. Inatengeneza homoni inayoongoza joto la mwili, mapigo ya moyo, choo, na kukua kwa akili ya mtoto. TSH ni kitu kingine. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza tezi ya shingo, kama msimamizi wa shamba: kazi ikilegea, anapaza sauti. Kwa watu wazima wengi TSH huwa kati ya 0.4 na 4 hivi. Lakini haitulii. Usiku si sawa na mchana, mtu aliyetoka kuugua huweza kuwa na TSH ya juu, na wazee huwa nayo juu kidogo. Kwa hiyo kuna kipimo cha pili, T4, kinachoonyesha homoni yenyewe iliyomo kwenye damu.

T4 ikiwa chini na TSH juu, tezi imeshindwa kazi. Mtu anavimba uso, anahisi baridi wakati wenzake wanatoka jasho, anafunga choo, anakuwa mzito wa kufikiri. Hapo kidonge kinasaidia kweli, kwa sababu ni homoni ile ile iliyopungua. Jirani yetu mmoja alitolewa tezi yote kwa upasuaji. Yeye hawezi kukiacha. Mtoto aliyezaliwa na upungufu huu akianza dawa ndani ya wiki mbili za kwanza, akili yake inakua vizuri. Akichelewa sana, kilichopotea hakirudi.

Sisi tuliotoka Kivu tunalijua rovu. Katika kisiwa cha Idjwi, watafiti wa miaka ya 1960 walikuta zaidi ya nusu ya watu wa upande wa kaskazini wana rovu. Ardhi ilikosa madini joto, na mihogo isiyoandaliwa vizuri iliongeza tatizo. Walichopewa ni sindano ya mafuta yenye madini joto, na baadaye ikaja chumvi. Lakini chumvi yenye madini joto mengi ilipoingia Kivu miaka ya 1990, baadhi ya watu tezi zao zilianza kufanya kazi kupita kiasi. Mtu wa namna hiyo ukimpa kidonge hiki unamwumiza. Shingo kuvimba peke yake haitoshi kukuambia umeze nini.

Sasa mama mdogo. T4 yake ilikuwa ya kawaida, TSH tu imezidi kidogo. Watu wa aina yake walifanyiwa utafiti Ulaya, matokeo yakatolewa mwaka 2017: wazee 737, wastani wa TSH yao 6.4. Nusu walipewa dawa, nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya mwaka, TSH ya waliopewa dawa ilishuka hadi 3.63, ya wenzao 5.48. Lakini uchovu? Makundi yote mawili sawa. Namba ilipona, mtu akabaki vile vile! Mwaka 2019 jopo la wataalamu lilishauri watu wazima wa hali hii wasipewe dawa. Ushauri huo haukuwahusu wanawake wanaotafuta mimba, wenye TSH inayozidi 20, wenye dalili kali, wala vijana. Mama mjamzito asingoje, aende kliniki. Na dawa ikizidi inaharakisha moyo na kudhoofisha mifupa.

Anayeihitaji aimeze kwa maji matupu, tumbo likiwa wazi, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya damu visubiri saa nne, maana vikikutana tumboni dawa haiingii vizuri. Ukibadilishiwa kiasi, kipimo kirudiwe baada ya wiki sita hadi nane. Usiache wala kupunguza bila daktari. Huko ndiko jirani yetu alikokosea siku moja pesa ilipokwisha, tukambeba kwa machela.

Daktari wa wilaya alimsimamishia mama mdogo dawa. Baada ya miezi mitatu TSH ilikuwa 4.8, na kumbe damu yake ndiyo ilikuwa pungufu. Anameza vidonge vya damu, na ameanza tena kupanda kilima cha maji bila kukaa njiani. Paketi ya pili alitaka kumpa yule jirani. Nilimkatalia, kwa kuwa vya mama mdogo ni mikrogramu 25 na jirani anameza 100. Tukaipeleka kituoni.