Kabla Hujaitupa Kompyuta ya Mezani

Kompyuta ya mezani ikianza kuchukua dakika nzima kufungua barua moja, au ikizimika yenyewe katikati ya kazi, wengi wetu huamua papo hapo kwamba imezeeka na inunuliwe nyingine. Uamuzi huo mara nyingi huwa wa haraka mno. Kompyuta ya aina hii haiharibiki yote kwa mpigo. Ndani ya kasha lake mna vipuri visivyolingana umri wala kazi, na kila kimoja kina namna yake ya kuchoka na dalili zake. Anayezijua dalili hizo huweza kuirudisha mashine kazini kwa bei ya kipuri kimoja.

Uwezo huu wa kutoa kipuri na kuweka kingine una historia yake. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa PC yake ya kwanza ikiwa imeundwa kwa vipuri vingi vya kampuni nyingine, na michoro yake ya kiufundi ikachapishwa. Watengenezaji wengine wakapata njia ya kuunda kadi za kuchomeka ndani yake. Mwaka 1995 Intel ikatoa kiwango cha ATX, kinachopanga vipimo vya ubao mama, mahali pa matundu ya skrubu na mpangilio wa nyaya za umeme. Ndiyo maana pawa saplai iliyotoka kiwandani mwaka huu huweza kufungwa katika kasha la miaka 15 iliyopita na ikafanya kazi. Ila baadhi ya kompyuta za ofisini, hasa zenye kasha jembamba, hutumia plagi na vipimo vya kampuni zilizoziunda. Hizo zikaguliwe kabla ya kwenda dukani.

Uchunguzi huanzia kwenye umeme. Pawa saplai hupokea umeme wa ukutani, ambao kwetu ni volti 230 au 240, na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazotumiwa na vipuri vya ndani. Katika pawa saplai nyingi waya wa njano hubeba volti 12, mwekundu 5, wa chungwa 3.3, na mweusi ni wa kurudishia. Kiwango kinaruhusu tofauti ya asilimia 5, kwa hiyo waya wa njano unapaswa kusoma kati ya volti 11.4 na 12.6. Fundi akipima kompyuta ikiwa kazini na mita ikaonyesha 11, sababu ya kuzimazima imekwisha patikana, na hakuna haja ya kugusa prosesa wala kulaumu virusi.

Kinachochoka humo hasa ni kapasita, vile vikopo vidogo vya mviringo vyenye majimaji ndani. Joto huyakausha. Kwa makadirio ya wahandisi, kila joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Zile zilizo kwenye ubao mama unaweza kuzikagua kwa macho: kichwa cha kapasita nzima ni bapa, cha iliyokufa kimevimba au kimetoa ukoko wa kahawia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mbao mama nyingi duniani ziliharibika kwa namna hii, kwa sababu kapasita zake zilitiwa majimaji yasiyo na ubora. Lakini pawa saplai yenyewe usiifungue. Kapasita zake kubwa huweza kuhifadhi umeme wa kudhuru hata baada ya plagi kuchomolewa. Na ukinunua mashine iliyotumika Marekani, angalia nyuma yake: pawa saplai za zamani zina swichi ndogo ya kuchagua 115 au 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa kwenye umeme wetu, huweza kulipuka mara moja.

Feni zikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, mshukiwa wa kwanza ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda. Mbao mama nyingi hujieleza kwa milio, na kitabu cha mtengenezaji hutaja maana ya kila mpangilio wa milio. Zima, chomoa waya wa ukutani, shika chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini utoke, kisha chomoa vibao vya RAM. Meno yake ya rangi ya dhahabu hushika uchafu, na katika miji ya pwani unyevu na chumvi ya hewani huzidisha tatizo. Yafute taratibu kwa ufutio laini wa penseli bila kusugua kwa nguvu, kwa sababu tabaka la dhahabu ni jembamba sana. Kisha rudisha kibao kimoja kimoja na kuwasha. Kikipatikana kinachokataa, umekwisha jua cha kununua.

Mashine inayofanya kazi vizuri asubuhi na kulegea mchana inalalamikia joto. Prosesa nyingi za leo hupunguza kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 100, na zikizidi huzima mashine ili zisiungue. Kati ya prosesa na kipande cha chuma kinachoipoza huwa kuna pesti, kazi yake ikiwa kuziba nafasi ndogo ambazo zingejaa hewa. Hewa hupitisha joto vibaya, na pesti nzuri huishinda zaidi ya mara 100. Pesti ikikauka, hewa hurudi. Puliza vumbi huku umezuia feni isizunguke, safisha pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko.

Basi tuje kwenye malalamiko makubwa kuliko yote, yaani uzito. Hapa kosa mara nyingi ni la hadidiski, na hesabu yake ni nyepesi. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Kichwa cha kusomea kwanza kisogee hadi kwenye mstari unaotakiwa, jambo linalochukua kama milisekunde 9, kisha kingoje data ifike chini yake, wastani wa nusu mzunguko. Jumla ni kama milisekunde 13. Kwa hiyo katika sekunde nzima diski huweza kufika mahali pasipozidi 80 hivi. Lakini kompyuta inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vya data vilivyotawanyika kila upande, na prosesa hukaa bure ikisubiri. SSD, diski ya chipu tupu, haina kinachozunguka, na hufika popote kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Plagi ya SSD za aina ya SATA ni ileile iliyoanza kutumika mwaka 2003, kwa hiyo hata mashine ya zamani huipokea.

Usisubiri diski ife ndipo uibadilishe. Yenyewe huweka kumbukumbu ya afya yake, inayosomeka kwa programu za bure. Idadi ya sehemu zilizoharibika na kuhamishwa ikiwa inaongezeka wiki hadi wiki, nakili kazi zako siku hiyohiyo.

Baada ya SSD, ongeza RAM. Usichanganye vizazi: DDR3 ina meno 240 na hutumia volti 1.5, DDR4 ina 288 na volti 1.2, na pengo la chini limehamishwa makusudi ili kibao kisiingie pasipo pake. Vibao viwili vinavyofanana, vikiwekwa katika nafasi zinazooana, huipa prosesa njia mbili za data badala ya moja.

Usidharau pia betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama. Ikiisha, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka mingi, na tovuti za benki na serikali hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama havilingani na tarehe. Wapo wanaouza mashine kwa tatizo hili la shilingi chache.

Wakati mwingine kinachozeeka si kipuri bali programu. Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa watumiaji wa kawaida, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo kompyuta nyingi nzima hazina. Kwa mashine hizo, Linux Mint au Ubuntu ni jibu la kweli, tena la bure. Kuzitupa kuna gharama yake: mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na kwa takwimu za Umoja wa Mataifa ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Shule inayotupa mashine ishirini kwa sababu ya diski ishirini inaongeza mzigo huo na kuwanyima wanafunzi wake.

Kwa hiyo pima kwanza, badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha washa uone kabla ya kugusa kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kilichoponya, na utalipia viwili bure. Na kama kazi unampa mtu mwingine, fundi anayestahili fedha zako ni yule anayekuonyesha kipimo kabla ya kukutajia bei.