Sinyatire Yako Haiuzi Haki Yako

Katika miji yetu ya mine, kama Kolwezi, Likasi na Fungurume, baba wengi na vijana wengi wanatumika ndani ya mine bila kuwa watumishi wa mine. Wanapita kwa mulango wa sosiete kubwa, lakini mushahara wao unatoka kwa sosiete ingine ya katikati, ile iliyowaandika na kuwapeleka pale. Wengine ni wazurnalie: leo wanaitwa, kesho hawajui.

Mwaka 2021, shirika RAID la Uingereza pamoja na CAJJ ya Kolwezi walichunguza mine 5 kubwa za shaba na kobalti za kwetu. Waliona kwamba watumishi 57 kwa kila 100 walikuwa wa sosiete hizi za katikati. Basi, habari hii si ya mutu mumoja. Ni ya nyumba nyingi.

Karatasi ya siku ya kwanza

Siku ya kuingia kazi, kijana anapewa karatasi ya Kifaransa. Anaambiwa: «Weka sinyatire hapa. Kama hautaki, bengine beko banangojea ku mulango.» Mara ingine ndani ya karatasi kuna neno kwamba mutumishi anakubali kukosa matunzo ya hospitali, ao kwamba atabaki zurnalie hata akitumika mwaka muzima. Anatia sinyatire. Kisha mutoto anagonjwa, baba anaanza kukopa kwa jirani, na anamwambia muke wake: «Nilishakubali mwenyewe, hakuna tena cha kufanya.»

Kiko cha kufanya. Kode ya Kazi ya inchi yetu, ile sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema katika artikle 37 kwamba neno lolote la kontra lenye kumupa mutumishi faida ndogo kupita zile za sheria, ni bure. Ni kama halikuandikwa. Hata ukitia sinyatire mara kumi, haki ile haikutoka mukononi mwako, kwa sababu haikuwa mali ya kuuza.

Kwa nini iko vile?

Wengine wanauliza: mutu mukubwa hawezi kuchagua mwenyewe? Tuangalie Uingereza. Kule ajansi za kazi zinaongozwa na sheria ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika mwaka 2004. Kati ya mambo mengine, inakataza ajansi kumunyima mutumishi malipo yake kwa sababu tu muteja hajalipa ajansi. Lakini mutu mwenye kompani yake mwenyewe, kama fundi wa kompyuta ao enjenia, anaweza kutoka chini ya ulinzi ule. Yeye na kompani yake wanakubali wote wawili, na wanapasha ajansi habari mbele ya kutumwa kwa muteja. Ajansi haina ruhusa ya kusema, «Kama hautoki, hatukutafutii kazi.» Na wale wanaotumwa kutunza watoto ao wagonjwa hawaruhusiwi kutoka.

Tunaona basi: hata kule, ruhusa ile ni ya mwenye kompani, na haipashwi kuwa kwa kulazimishwa. Mutu anayeomba kazi asubui kusudi watoto wale mangaribi hana nguvu ya kusema hapana. Ndiyo maana sheria yetu haikumwachia mzigo ule wa kuchagua.

Hesabu siku zako

Iko neno lingine, nalo wazurnalie wengi hawalijue. Artikle 40 inasema: kama mutu wa siku kwa siku amekwisha kutumika siku 22 katika muda wa miezi 2, na akaandikwa tena mbele ya miezi ile 2 kuisha, kontra yake mupya inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Tuseme ulianza tarehe 1 Machi, na kufika tarehe 10 Aprili ulikwisha kufanya siku 22. Wakikuita tena tarehe 15 Aprili, wewe si tena zurnalie mbele ya sheria, hata kama wanaendelea kukuita vile.

Vilevile, kama hakuna kontra ya kuandikwa, sheria inahesabu kwamba iko kontra ya muda usio na mwisho, mupaka kinyume kihakikishwe. Na kontra inapoendelea, Kode inaomba patron atunze mutumishi, muke wake na watoto wake wakati wa ugonjwa.

Hatusemi kwamba sosiete zote za katikati ni mbaya. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 iliweka kazi hiyo kwa sosiete za Wakongomani, na hilo ni neno jema. Lakini sheria ile inapanga nani apate soko. Haikufuta Kode ya Kazi.

«Nikikataa, nitakula nini?»

Kijana anayeuliza vile anauliza kwa haki. Hatukuambii ukatae kazi. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 2003 na 2004, wakati watumishi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitia sinyatire ya kuacha kazi «kwa mapenzi yao». Wengi wao waliendelea miaka mingi kudai kwamba feza waliyopewa haikutosha. Yule aliyechunga karatasi zake alikuwa na kitu cha kuonyesha. Yule aliyezitupa alibaki na maneno ya kinywa tu.

Kwa hiyo tunashauri mambo haya:

1. Usome kontra yote mbele ya kutia sinyatire. Kama Kifaransa ni kigumu, utafute mutu akueleze kila ukurasa.

2. Uombe kopi yako, na uichunge nyumbani, si kazini.

3. Ununue kaye ndogo. Uandike kila siku uliyotumika, jina la shefu, na feza uliyopokea. Mama wa nyumba anaweza kusaidia sana hapa.

4. Kukiwa matata, uende kwa inspekta wa kazi. Mambo yanapita kwake kwanza kwa upatanisho, mbele ya tribinali ya kazi.

5. Usikawie. Kudai mushahara kunaisha nguvu nyuma ya mwaka 1 tangu siku ulipopaswa kulipwa. Mambo mengine ya kontra, nyuma ya miaka 3.

Vijana, kama tayari mulitia sinyatire kwa karatasi mbaya, musikate tamaa. Tafuteni kopi, na leo mangaribi muanze kuhesabu siku.