Punguza Kitambi, Usipunguze Nguvu

Zamani niliwatembelea wakulima kwa miguu. Nilipopewa pikipiki ya kazi, niliacha kutembea. Nikaota kitambi.

Nilitaka kukiondoa upesi. Nikawa nakula mara moja tu kwa siku. Kweli nilikonda. Lakini siku moja nilishindwa kujitwika debe la mahindi. Mafuta ya mwili yalipungua, na misuli nayo ikapungua. Mwili wenye njaa hula misuli yake.

Mganga wa zahanati alinieleza njia bora. Nilipunguza ugali, sukari na mafuta ya kupikia. Sikuacha kula. Kila mlo nilikula maharage, dagaa au yai, pamoja na mboga za majani. Maharage, dagaa na mayai hujenga misuli. Nilitembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Tena nililima kwa jembe na kubeba maji, maana misuli isiyofanya kazi hunywea.

Usiwe na haraka. Kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha. Mwenye kisukari au shinikizo la damu amwone mganga kwanza.

Leo kitambi kimepungua, na debe najitwika mwenyewe.